Nyayo Saba za Nzilo

Kuku akipotea katika kambi ya wafanyakazi ya Kolwezi, watu hawakuanza kwa kutuhumiana. Walifunika alama za vumbini kwa beseni, kisha wakamwita Tata Polycarpe Mbayo. Naye alikuja taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona Polycarpe akiwa na haraka. Alivua kofia, akalala kifudifudi na suruali yake ya kazi, shavu likigusa udongo, akatazama. Wageni walidhani mzee wa watu kaanguka kifafa. Baada ya muda aliinuka, akapangusa magoti, akasema: "Kuku habakumwiba. Alienda ye mwenyewe kwa Mama Mbombo. Iko analalia mayai chini ya pipa." Watu wakaenda kwa Mama Mbombo, wakamkuta kuku chini ya pipa, na Mama Mbombo akaapa kwa watakatifu wote kwamba hakujua.

Polycarpe alizaliwa kaskazini, upande wa Bukama, pale Lualaba inapopanuka na kuwa maziwa. Baba yake alikuwa mwindaji. Polycarpe alijua kusoma nyayo kabla ya kusoma katekisimu, na akiulizwa ni kipi kati ya hivyo viwili kilichomsaidia zaidi, alitazama kwanza kama padri yuko karibu.

Kampuni ya migodi ilimwajiri mwaka wa ishirini na tisa, ikampa kazi ya karoti. Msicheke. Mashine ya kutoboa ardhi hutoa mawe membamba ya mviringo, marefu kama mkono, na Wabelgiji huyaita karoti. Polycarpe aliyapokea, akayaosha, akayapanga sandukuni kwa namba, tabaka juu ya tabaka, kama yalivyokuwa chini ya ardhi. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili, na hakuna karoti hata moja aliyoilaza kichwa chini miguu juu. Alijivunia jambo hilo kuliko medali.

Lakini nyayo alizozisoma kwa mapenzi kuliko zote zilikuwa za mtu ambaye hajawahi kumwona uso. Huyo alikuwa Mama Ngoie, mama wa mke wake Fidélie. Fidélie alikuwa Msanga, mwenyeji wa nchi hii ya shaba, na kwao Wasanga, kama kwa Waluba wa kina Polycarpe, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani wala hawasemezani. Ndiyo heshima. Mama Ngoie aliishi kwa mwanawe Omer, dereva wa lori, safu ya tatu ya nyumba za kambi. Polycarpe akiona kwa mbali kitenge chake kinakuja, aligeuka akazunguka nyuma ya vyoo, hata kama mvua inanyesha. Bibi naye akimsikia anakohoa, alijifunika kichwa na kuelekea ukutani. Habari zote zilipita kwa Fidélie, na Fidélie alichoka kuwa posta.

Mama Ngoie alikuja kumwona binti yake saa za kazi, na jioni Polycarpe aliporudi aliusoma ua wake. Mguu wa kulia ulielekea nje kidogo. Kisigino kikizama sana, alijua bibi alikuja amebeba kitu. Vidole vikiburura vumbi, alijua mgongo unamuuma, na kesho yake mzigo wa kuni zilizokwisha kupasuliwa ulikutwa mlangoni kwa Omer. Mama Ngoie hakuuliza nani kaleta. Alimwambia Fidélie tu: "Bwana yako eko na macho."

Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na moja, magoti ya Polycarpe yalianza kugoma. Karani akabandika orodha kwenye mlango wa ofisi: wafanyakazi wa zamani wenye miili iliyochoka watarudishwa kwao mvua zikiisha, na wake zao, na tiketi ya treni. Jina la Mbayo Polycarpe lilikuwa la tisa.

Kijijini hakukuogopa. Samaki wapo, na ndugu hawakosi. Alichoogopa ni kitu kimoja tu: kumtenga Fidélie na mama yake. Omer alikuwa kijana mwema, lakini lori lilimlaza barabarani siku kumi kwa kila siku nne za nyumbani, na bibi alikuwa amefika umri wa kushika ukuta akitaka kuinuka. Kumchukua mama mkwe hadi Bukama? Hilo halikuwazwa hata kwa mzaha. Siku mbili kwenye treni, benchi moja, kisha ua mmoja, na watu wawili wasiotazamana! Fidélie alisugua sufuria zilizokuwa safi tayari, na Polycarpe alijua maana yake.

Hapo ndipo jambo la jiwe lilipoingia.

Kulikuwa na Mbelgiji mmoja kijana, mtaalamu wa mawe, mwenye jina gumu ambalo kambi nzima ilikataa kulitamka. Watu walimwita Bwana Kanyundo, kwa ajili ya kinyundo alichokifunga kiunoni hata siku ya misa. Alikuwa mtu mwema, mwekundu wa jua, na akiona jiwe zuri aliruka kama mtoto. Siku hizo alitumwa Nzilo, kwenye makorongo ya Lualaba, walikokuwa wakijenga bwawa. Maji yangepanda na kufunika bonde, naye aliambiwa achore mawe yote kabla hayajazama. Huko akaona bamba la jiwe la kijivu, na juu yake mashimo saba, kila moja kama sahani, yakipishana kushoto na kulia, kushoto na kulia, hadi ukingoni.

Bwana Kanyundo hakulala siku tatu. Alizungushia kila shimo chaki nyeupe ili picha itoke vizuri, na mbele ya kila shimo akachora na vidole, pale alipodhani anaviona. Kisha akamleta Polycarpe, saa sita mchana, jua likiwa utosini.

"Polycarpe, we njo mwenye kujua. Ni nyayo ya nyama alipita ao hapana?"

Siku nyingine zote Polycarpe angesema: nirudishe asubuhi, jua likiwa chini, kivuli kinieleze. Siku nyingine zote angefuta chaki, maana hakukubali mtu atangulie kugusa alama anazosoma yeye. Siku hiyo magoti yalimuuma, jiwe lilikuwa la moto, na kichwani mwake ilikuwepo ile orodha. Hakulala chini. Alitazama akiwa amesimama, akasoma chaki badala ya jiwe, vidole vinne kwa kila mguu, kama alivyoviona mara elfu kwenye matope ya Bukama.

"Mi naona kiboko," akasema. "Kiboko mutoto."

Bwana Kanyundo akacheka kwa furaha. Akamweleza kwamba jiwe hili ni la zamani mno, kwamba kwa mujibu wa vitabu lilikuwa tayari jiwe kabla mnyama yeyote mwenye miguu hajakanyaga dunia. Kama kweli kitu kilitembea hapa, vitabu vyote lazima visahihishwe.

"Basi, Bwana, ni nkambo yake. Babu ya kiboko."

"Nitaandika ivi kwa profesa wa Elisabethville," akasema Bwana Kanyundo, "na jina yako nitaweka. Kama profesa anaitika, nitaomba bureau, ofisi ya kampuni, bakuachie kwangu miaka tatu, tutafute zingine mbele ya maji kupanda."

Miaka mitatu! Polycarpe alirudi kambini akiwa amesahau magoti. Kufika jioni kila mtu alikwisha kujua, na mpaka Jumapili alikuwa na jina jipya, Nkambo ya Kiboko, ambalo watu walimwitia hata kwenye foleni ya komunyo. Fidélie alipika bukari, ugali wa huko, na samaki wa kukaushwa, akaimba jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu orodha ibandikwe.

Ila jambo moja lilimtatiza Polycarpe. Juma lile lote nyayo za Mama Ngoie zilifika uani, zikakaribia mlango wa jiko, zikasimama. Zilisimama muda mrefu, kwa kuwa vidole vilikuwa vimezama. Kisha zikageuka na kurudi zilikotoka bila kuingia. Siku ya kwanza alidhani bibi amesahau kitu. Siku ya tatu alijua kuna neno linalomlemea, na neno lenyewe halitaki kutoka. Alimwuliza Fidélie kama mama ni mgonjwa. Fidélie akasema hapana, anakula vizuri, anacheka peke yake tu.

Profesa aliandika kwamba atafika Jumamosi. Alhamisi, Bwana Kanyundo alimtuma Polycarpe Nzilo apige bamba brashi. Alifika na lori la kwanza la wajenzi, jua likichungulia tu juu ya kilima. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha chaki yote. Jiwe lilikuwa limelowa, safi, na kila shimo limejaa kivuli.

Akalala kifudifudi.

Vidole havikuwepo. Alitafuta shimo la kwanza, la pili, la tatu, hakuna hata kimoja. Akainuka, akakata ufito, akaupima kutoka shimo hadi shimo, kama baba yake alivyomfundisha, maana kila mwenye miguu ana hatua yake, naye akipanda huifupisha na akishuka huirefusha. Bamba lilikuwa na mteremko. Ufito ulilingana kila mahali, juu na chini. Hakuna mnyama anayetembea hivyo, labda fundi wa kupanga matofali.

Shimo la saba lilikuwa ukingoni, limepasuka katikati, kiasi kwamba mtu aliweza kuliona kwa ubavu. Polycarpe akapiga magoti, akatazama tabaka za jiwe kama alivyozitazama katika karoti zake zote. Mguu ukikanyaga matope, tabaka za chini huinama nao, kama godoro chini ya mtu aliyelala, na matope yakigeuka jiwe hubaki hivyo hivyo yameinama. Hapa tabaka zilikuja zimenyooka, zikafika kwenye shimo, zikakatika kama mkate ulioumwa. Shimo hili lilichimbwa jiwe likiwa jiwe tayari. Halikukanyagwa na mtu wala mnyama.

Alikaa chini. Mfukoni alikuwa na kipande cha chaki, alichopewa ili arudishie mistari iliyofutika. Kazi aliyotumwa ndiyo hiyo. Akaitoa, akachora kidole kimoja, kizuri, cha kiboko kabisa. Alikitazama kidole alichokichora. Kisha akatema mate, akakifuta kwa kiganja, na uso ukamwaka kwa aibu ingawa hapakuwa na mtu.

Nyumbani alimweleza Fidélie yote, hata habari ya kidole. "Lakini sijui nani alitoboa pale," akasema. "Kwenda kusema tu mi nilikosa, bila kujua ni nini, ni sawa na kusema mi ni kipofu. Uliza mama. Hapa ni kwao."

Fidélie alikwenda safu ya tatu, akakawia. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Tata Banza," akasema, akimwita baba kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama alivyozoea, "mama anajua. Anajua tangu siku ya kwanza. Ile si miguu ya nyama. Ni fasi, pahali ya kutwanga. Ye mwenyewe alitwanga pale, wakati alikuwa kabinti, majibwe ya kijani, kusudi wanaume bapike shaba. Banamuke bote balikuwa banakaa huku na huku, hapana uso kwa uso, ju jibwe isirukie mwenzake mu macho. Shimo ya ine ni yake."

"Na ju ya nini hakusema?"

"Aliniambia ivi: kama mi nasema, batamurudisha bwana yako kwao, na we utaenda naye, na mi nitabaki kutazama ukuta." Fidélie alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Anasema tena, atafunga kinywa. Hakuna mutu mwengine mwenye kukumbuka. Maji inakuja kufunika yote. Tata Banza, we njo utaamua."

Polycarpe alimpenda mama mkwe wake jioni ile kupita kiasi cha kusema. Basi ndiyo maana ya nyayo zilizosimama mlangoni! Angeweza kukubali. Miaka mitatu si michache kwa bibi wa umri ule. Nani angepata hasara? Profesa mmoja na vitabu vyake. Alitoka nje, akazunguka nyumba mara mbili, akarudi.

"Hapana," akasema. "Mama yako alitwanga pale mpaka jibwe ikaisha. Mikono yake, sisi tuiite miguu ya kiboko? Bakaandike mu kitabu, batoto ya batoto basome? Mi sitasema ile uongo, Fidélie. Unisamehe."

Fidélie akasema atakwenda kumwambia mama. Akarudi na jibu fupi: Mama Ngoie naye atakuja Nzilo Jumamosi, na asizuiwe.

Laiti mngeuona ule msafara. Omer aliazima lori na kuliendesha mwenyewe. Polycarpe alipanda mbele, akakaza macho barabarani kama mwanajeshi. Mama Ngoie alipanda nyuma kwenye mkeka, mgongo kwa mgongo na mkwe wake, na kati yao kioo cha lori ambacho Fidélie alikifunika kwa kitenge, asije mmoja wao akateleza kwa jicho. Bwana Kanyundo alipowaona wanashuka alidhani familia imekuja kushangilia. Akamtambulisha Polycarpe kwa profesa, mzee mrefu mwenye miwani na soksi ndefu, akamwambia kwa Kifaransa kwamba huyu ndiye msomaji.

Polycarpe akavua kofia.

"Bwana, mi nilikosa," akasema. "Ile siku nilisoma chaki, sikusoma jibwe. Hapa hakuna nyama alipita."

Akawaonyesha ukingo wa shimo la saba. Aliwaeleza godoro na mkate, kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Bwana Kanyundo alizidi kuwa mwekundu. Alichomoa kinyundo, akavunja kipande kidogo cha ukingo, akakitazama, akakitazama tena, akampa profesa.

"Amesema kweli," Bwana Kanyundo akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Kijana wa watu alikuwa karibu kulia.

Profesa akauliza: kama si mnyama, ni nani basi?

Fidélie na Omer walikuwa wamekunjua kitenge, mmoja huku mmoja huku, na nyuma yake ndiko alikosimama bibi. Sauti yake ikatoka humo, nyembamba, isiyo na woga hata kidogo. Alisema nao waziwazi, akiwataja kwa majina dada zake na shangazi zake, kila mmoja na shimo lake. Polycarpe aligeuka upesi, akawapa mgongo, akatazama maji. Akasikia bibi anashuka kwenye bamba. Akasikia magoti yake yanagusa jiwe, kisha kucha inakwangua, kisha profesa anashangaa kwa sauti: ndani ya ufa, chini kabisa ya shimo la nne, palikuwa na unga wa kijani. Halafu akasikia mdundo wa jiwe juu ya jiwe, tatu na kituo, tatu na kituo, na bibi akacheka.

Profesa aliandika kurasa mbili, majina yote ya wanawake wale. Bwana Kanyundo alikuja akamshika Polycarpe mkono kwa mikono miwili. Alimwambia ukweli bila kuzunguka: ataomba, lakini ofisi haitakubali. Hakuna nyayo, hakuna kazi. Jina litabaki kwenye orodha.

"Najua, Bwana," akasema Polycarpe.

Alibaki pale pale, uso kwa mto, akifikiri jinsi atakavyomwangalia Fidélie. Ndipo akasikia hatua nyuma yake. Alizijua bila kuziona, mguu wa kulia ukienda nje kidogo. Zikaja karibu kuliko zilivyowahi kuja, zikasimama. Akainamisha kichwa na kufunga macho, kama heshima inavyotaka.

"Polycarpe," sauti ikasema.

Miaka ishirini na miwili hakuwahi kulisikia jina lake katika kinywa hicho. Mila ile mwenye kuifungua ni mama mkwe peke yake, tena kwa mbuzi, tena mbele ya ukoo, na wengi hufa bila kuifungua.

"Mbuzi utanipa kule kwenu," akasema Mama Ngoie. "Mi naenda na ninyi. Omer ni mwanaume, atajipikia. Treni ni siku mbili, na mi siwezi kugeuza mugongo siku mbili, shingo itavunjika. Geuka, mutoto wangu, uniangalie."

Polycarpe akageuka. Alikuwa bibi mdogo, mfupi kuliko alivyomdhania, mikono imejaa vumbi la jiwe, na macho yake yalikuwa macho ya Fidélie. Machozi yakamtoka mbele ya profesa na watu wote.

"Mama," akasema, "mugongo yako ilikuuma juzi."

"Inauma mpaka sasa," akasema bibi. "Nishike."

Akamshika mkono. Wakapanda mteremko taratibu, magoti manne mabovu, wakisimama kila hatua chache kupumua na kutazamana. Fidélie alibaki pale chini na kitenge mikononi, hajui akikunje au alie nacho.